Istilahi za Kutunza Msimbo wa Programu: Maoni Kutoka Ufuko wa Kyela

Nia ya makala haya ni kuyapima baadhi ya maneno ya Kiswahili yanayotumiwa, au yanayoelekea kutumiwa, katika kazi ya kutunza msimbo chanzo wa programu za kompyuta, hususan pale msimbo huo unapohifadhiwa katika kompyuta za mbali ambazo siku hizi huitwa wingu. Vijana wafanyao kazi hiyo hawakuwangoja wanazuoni: husema kukomiti, kupushi, kupuli na kumeji, nao huelewana vema. Sina ugomvi na maneno hayo, maana lugha yetu imepokea maneno ya wageni tangu zamani na haikudhoofika. Walakini mwalimu anayemfundisha mwanafunzi aliyetoka Ipinda au Ngonga, ambaye Kiingereza chake ni cha darasani tu, hana budi kumweleza maana, na kila aelezapo hutumia picha fulani ya Kiswahili. Picha hiyo ikiwa mbaya mwanafunzi hukosea kazini, na kosa la namna hiyo laweza kuipoteza kazi ya mwenzake ya mwezi mzima.

Mifano yangu nitaitoa Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wakazi wa huko wanaijua mito isiyotulia mahali pamoja, wanaijua mizani na daftari la karani wa ushirika, na wamezoea kulibeba jambo moja kwa lugha zaidi ya moja: Kinyakyusa nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza katika vitabu vya sekondari. Mtu akitaka kuijaribu istilahi kama inashika maana, hapo ni mahali pazuri pa kuijaribia.

Kwanza kazi yenyewe. Wasomaji wa kurasa hizi waliopata kuhariri utenzi kutokana na miswada kadhaa wanaijua taabu yake. Mnakili mmoja amebadili neno, wa pili ameruka ubeti, wa tatu amesahihisha alichodhani ni kosa, na hakuna hata mmoja aliyeandika pembeni kwamba hapa nimebadili, siku fulani, kwa sababu fulani. Mhariri ajaye baada ya miaka mia mbili hukisia. Programu ya kompyuta nayo ni maandishi, mistari elfu kwa maelfu, yanayonakiliwa na kubadilishwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hapo kukisia hakufai. Kwa hiyo zilibuniwa programu za kuweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani kabadili, lini, mstari upi, na kwa maelezo gani. Miongoni mwa za awali ni SCCS, aliyoiandika Marc Rochkind katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1972. Ikafuata RCS ya Walter Tichy mwaka 1982, kisha CVS iliyoanzishwa na Dick Grune mwaka 1986. Inayotawala leo ni Git, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005. Tena yafaa tuonye mapema kwamba Git si GitHub. Git ni chombo cha kazi. GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, ni mahali pa mbali ambapo kazi iliyofanywa kwa chombo hicho huwekwa. Mtu aweza kuitumia Git mwaka mzima kijijini Matema bila kuunganishwa na intaneti hata siku moja.

Mambo haya si ya ng'ambo pekee. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na kazi ile ilihitaji watu wengi kugusa faili zile zile. Kadhalika takwimu za zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, vya Kyela vikiwamo, huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo msimbo wake uko wazi katika GitHub. Badiliko moja baya katika msimbo wa namna hiyo, lisilojulikana limeingia lini, huweza kuzisumbua hesabu za wilaya nyingi kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye maneno. Wingu limekwisha kuenea, wala sioni haja ya kuling'oa. Lakini ni picha inayodanganya. Juu ya Ziwa Nyasa huonekana mara kwa mara kitu mfano wa moshi au wingu jeusi likisimama juu ya maji. Mgeni hudhani mvua yaja, na mtu wa ufukoni anajua kuwa ni wadudu wadogo wa ziwani, ambao watu huwakusanya na kuwala. Wingu la kompyuta nalo ni hivyo: kwa mbali ni wingu, kwa karibu ni kitu kingine. Ni majumba yenye kompyuta nyingi, na njia ya kuyafikia haipiti angani, maana mkongo wa taifa umelazwa ardhini hata Kasumulu, mpakani na Malawi. Hata hivyo mwanafunzi asiyejua hayo hataharibu kitu. Hii ndiyo kanuni nitakayoifuata hadi mwisho: neno lipimwe pale mkono unapotenda. Likipotosha picha tu, tulivumilie. Likipotosha tendo, tulibadili.

Mahali pa kuhifadhia msimbo, pamoja na kumbukumbu zake zote, pameitwa ghala na pameitwa hazina. Kyela wanalijua ghala vizuri sana kwa ajili ya kakao na mpunga, na tangu kakao ianze kuuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani wanalijua zaidi. Mkulima hupeleka mzigo wake, hupewa stakabadhi, mnada hupigwa, na mnunuzi akiuchukua mzigo, ghala hubaki tupu. Hapo ndipo neno linapokwama. Msimbo ukichukuliwa haupungui. Aliyeuchukua ana nakala, na wa asili upo pale pale. Hazina nayo ina kasoro ile ile, na juu yake ina harufu ya fedha. Mimi napendelea masijala. Kila aliyewahi kufuatilia barua yake katika ofisi ya serikali analijua neno hili: chumba cha majalada, ambamo kila karatasi ina namba na tarehe, na mtu hupewa nakala huku jalada likirudi kabatini. Jambo moja tu la Git halina mfano katika masijala yoyote niijuayo, nalo ni kwamba kila mfanyakazi anayenakili huondoka na masijala nzima, majalada yote tangu la kwanza. Afadhali hilo lielezwe kwa maneno, kwa kuwa hakuna nomino moja itakayolibeba.

Neno gumu kuliko yote ni lile wanaloliita kukomiti. Wengine wamelifasiri kukabidhi, wengine kuthibitisha. Kukabidhi ni kumpa mwingine, na katika Git tendo hili halimpi mtu yeyote kitu chochote. Hufanyika katika kompyuta yako mwenyewe na kubaki humo. Niliwahi kukaa na vijana walioamini kwamba wakishakabidhi basi kazi imekwisha kufika kwa wenzao, na kompyuta yao ikaharibika jioni ile ile. Kosa halikuwa lao. Neno ndilo lililowaahidi. Thibitisha nayo yadai kuwa umehakikisha usahihi, hali mtu huweka kumbukumbu hata ya kazi nusu.

Tumtazame karani wa chama cha msingi siku ya kupokea kakao. Mkulima huweka gunia mzanini. Wakati limo mzanini laweza kuondolewa, jingine likaongezwa, wakabishana, wakacheka. Karani akishaandika daftarini, pamoja na jina, tarehe na kilo, limekwisha kuwa ingizo. Akigundua baadaye kwamba alikosea, karani mwaminifu hafuti kwa kifutio. Huandika ingizo jipya chini la kutengua lile la kwanza, ili mkaguzi ayaone yote mawili. Hapa tumepata istilahi tatu kwa mkupuo. Mahali ambapo mabadiliko huwekwa kabla ya kuandikwa, ambapo wafasiri wa haraka hupaita jukwaa kana kwamba kuna ngoma, ni mzani. Tendo lenyewe ni kutia daftarini, na kinachopatikana ni ingizo. Kulirudisha nyuma ingizo bila kulifuta ni kutengua. Kila ingizo katika Git hupewa pia alama ya herufi na tarakimu 40 inayotokana na yaliyomo, hata ukibadili nukta moja alama hugeuka yote. Hiyo yaweza kuitwa alama ya dole.

Nafika kwenye tawi, na hapa nitakaa kidogo. Mtu akitaka kujaribu jambo bila kuigusa kazi kuu, hufungua njia ya pembeni, huandika humo maingizo yake, na likifaulu huirudisha njia hiyo katika kazi kuu. Kiingereza kimeiita tawi la mti, na Kiswahili kimefuata. Lakini ni mti gani ambao tawi lake hutoka, likakua, kisha likarudi kuingia shinani? Mwanafunzi anayefikiri kwa tawi hujua kutoka, hajui kurudi. Akiambiwa aliunganishe tawi na shina anatazama kama aliyeambiwa alirudishe jani kwenye kikonyo. Tawi la benki au la chama cha siasa nalo haliingii makao makuu likayeyuka humo.

Nchi ya Kyela ni uwanda wa chini ulioletwa na mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote ikishuka kutoka milimani na kupunguza mwendo ifikapo kwenye mpunga. Mvua za masika zikizidi, mto huacha njia yake, hupasua ukingo na kuanza mkondo mwingine. Mkondo huo huenda mbali kidogo, mara nyingine hukauka wenyewe, mara nyingine hukutana tena na mto mkubwa chini yake. Watu wa huko hawahitaji kuelezwa kwamba maji yaliyoachana yaweza kukutana. Kwa hiyo napendekeza mkondo badala ya tawi, na mkondo mkuu kwa njia ya kazi yenyewe. Neno hili lina faida nyingine mbili. Maji hayarudi juu, na maingizo vilevile hufuatana kwenda mbele tu. Tena wanafunzi wetu wamekwisha kulizoea kwa maana ya mgawanyo wa darasa, kidato cha kwanza mkondo A na mkondo B, ambao hufundishwa mtaala mmoja. Naongeza kwa pembeni kwamba GitHub ililazimika mwaka 2020 kulibadili jina la mkondo mkuu kwa masijala mpya, kwa sababu jina la zamani lilikumbusha bwana na mtumwa. Mkondo mkuu hauna deni hilo.

Kurudisha mkondo, basi, ni kukutanisha mikondo, na mahali pake ni makutano. Unganisha si baya, ingawa hutukumbusha zaidi vipande viwili vilivyofungwa ncha kwa ncha. Neno ninalolikataa kabisa ni patanisha. Kupatanisha ni kuleta maafikiano, na kompyuta haileti maafikiano yoyote. Tuseme vijana wawili, mmoja Kyela mjini na mwenzake Ipinda, wanaandika programu ndogo ya hesabu za kakao kwa chama cha msingi. Wa Kyela ameandika kwamba uzito wa gunia tupu ni nusu kilo. Wa Ipinda, katika mstari ule ule, ameandika kilo 1. Wanapoikutanisha mikondo yao programu husimama na kusema siwezi, chagueni. Hali hiyo ni mgongano, na jina hilo lafaa. Wako waliotaka kuiita mgogoro. Lakini mgogoro kwenye ufuko huu ni neno zito, maana Tanzania na Malawi zimekuwa zikivutana juu ya mpaka wa ziwa lenyewe tangu miaka ya 1960, na si vema mstari mmoja wa msimbo upewe jina la jambo kama hilo.

Mgongano unaoonekana si wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni huu: kijana wa Kyela anapunguza uzito wa gunia katika mstari wa kupima, na wa Ipinda, asijue, anaupunguza katika mstari wa malipo. Mistari ni miwili tofauti. Programu huitazama mistari, haiitazami maana, kwa hiyo huikutanisha mikondo kimya kimya, bila onyo, na tangu siku hiyo kila mkulima hukatwa uzito wa gunia mara mbili. Aliyefundishwa kwamba mikondo imepatanishwa hataangalia tena. Aliyefundishwa kwamba imekutana tu, anajua maji ya mito miwili yamo sasa katika njia moja, na kwamba ni juu yake kuyaonja.

Zaidi ya mkondo kuna jambo kubwa zaidi: mtu huinakili masijala yote ya mwenzake na kuifanya yake, awe na uhuru wa kuipeleka atakako. Kiingereza kimeliita uma, na mfasiri mmoja akatuletea uma kweli, ule wa mezani. Wanyakyusa ni watu wa migomba, na mgomba unatupa jina. Chipukizi likichimbuliwa kutoka kwenye shina la mama na kupandwa kwa jirani, huwa mgomba kamili wa aina ile ile, wenye shamba lake na mwenyewe wake. Hilo ndilo chipukizi. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, aliandika jinsi vijana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakiondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao wenyewe cha marika, na mila za baba zao wakaenda nazo. Tofauti ya mkondo na chipukizi yote imo katika habari hiyo, kwa kuwa kijiji kile hakikukusudiwa kurudi. Hata hivyo mwenye chipukizi akipata jema aweza kulirudisha kwa wa asili. Hapo ndipo linapokuja ombi ambalo watu wamelifasiri ombi la kuvuta, maneno yasiyo na maana kwa msikilizaji yeyote. Anachoomba mtu huyo ni kwamba kazi yake ipitiwe na kuingizwa. Tuliite ombi la kupokelewa.

Kusukuma na kuvuta siyapendi, ila si kwa sababu ya picha. Msimbo ukisukumwa haubanduki ulipo, lakini twasema pia kupakua faili na faili haliishi kama ugali uishavyo chunguni. Tumelizoea na hakuna aliyedhurika. Shida iko kwenye kuvuta, kwa kuwa Git ina matendo mawili hapo. La kwanza huchukua maingizo mapya kutoka masijala ya mbali na kuyaweka kando, ili uyatazame kwanza. La pili huyachukua na papo hapo huyakutanisha na mkondo wako. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa matendo yote mawili atakutanisha asichokikusudia. Basi tuseme kupeleka kwa lile la kwenda, kuleta kwa la kuchukua tu, na kuleta na kukutanisha kwa lile jingine, hata kama ni refu. Urefu wake ni onyo.

Mengine nayapitia haraka. Jina linalowekwa kwenye ingizo moja ili lisisogee, mathalan la toleo lililokwisha kutolewa kwa watu, ni kigingi, kama vile vya mpaka. Mkondo husogea, kigingi hubaki. Amri inayoonyesha nani aliyeandika kila mstari kwa mara ya mwisho Kiingereza kiliipa jina la lawama, labda kwa utani. Kwetu utani huo hautapokewa vizuri baina ya kijana na mkubwa wake. Mwandishi wa mstari yatosha.

Limesalia tendo moja ambalo mwalimu aghalabu huliacha hadi mwisho wa mafunzo, na huenda hulichelewesha mno. Mkondo uliotoka kwenye ingizo fulani waweza kung'olewa hapo na kufanywa kana kwamba ulitoka kwenye ingizo jingine la baadaye. Nimelisikia likiitwa kubadili msingi, lakini msingi wa nyumba haubadilishwi nyumba ikiwa imesimama. Mto Songwe ulifanywa mpaka kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890, na umehama mara kadhaa baada ya mafuriko, hata shamba la mtu likajikuta ng'ambo ya pili bila mwenyewe kuinua jembe. Kuhamisha chimbuko, ndivyo ningependa liitwe, kwa sababu anayelisikia atauliza mara moja: na walioko ukingoni je? Maingizo yaliyohamishwa si yale ya kwanza tena. Yameandikwa upya, kila moja na alama mpya ya dole. Katika mkondo ambao ni wako peke yako hakuna ubaya. Lakini kijana wa Kyela akihamisha chimbuko la mkondo ambao mwenzake wa Ipinda anaufanyia kazi, kisha akaupeleka kwa nguvu, masijala ya mbali huipokea historia mpya, na maingizo ambayo wa Ipinda alikwisha kuyapeleka huachwa bila mkondo wa kuyafikia. Yamo bado katika nakala iliyoko Ipinda. Akipigiwa simu kabla hajabadili kitu, aweza kuyapeleka upya kutoka huko, na hesabu za kakao zikarudi zilivyokuwa.